Tafiti nyingi, dawa ipi? Kisa cha mapitio ya machapisho kuhusu mwegea

Kisa hiki kinatoka Tanzania. Majina ya watu, wilaya, kikundi na chuo yameondolewa, na maelezo machache yasiyogusa hoja yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Kimeandikwa kwa ajili ya wanaofanya au kusimamia mapitio ya tafiti za mimea dawa, hasa pale swali linapoletwa na watu wa nje ya chuo wanaotaka kujua kitu kimoja tu: utafiti unasemaje?

## Usuli

Kikundi cha wanawake wajasiriamali kilikuwa kikitengeneza mafuta ya kupaka kwa unga wa tunda la mwegea lililokaushwa, ukichanganywa na mafuta ya mimea na nta ya nyuki. Waliyauza mnadani na kwenye maonyesho ya Nanenane, na wateja walirudi. Wengine walisema vipele vimekauka, wengine mabaka yamefifia, na mmoja, kwa jinsi wanakikundi walivyosimulia, alidai kidonda sugu cha mguu kimefunga. Haikuchukua muda lebo ya kopo ikaanza kuorodhesha magonjwa.

Kikundi kiliamua kuomba mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii aliyepitia andiko lao aliwashauri waongeze ukurasa wa ushahidi wa kisayansi. Ushauri haukuwa mbaya, ila hakuna aliyeuliza ushahidi huo ni wa jambo gani: kwamba mafuta hayadhuru ngozi, kwamba yanatibu, au kwamba mti wenyewe una viambata, yaani kemikali za mmea, vyenye nguvu? Haya ni mambo matatu tofauti, na sehemu kubwa ya kisa hiki ni matokeo ya kuyachanganya.

Walimfuata mhadhiri wa famasia aliyetoka kata yao. Mhadhiri alikuwa na mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyekuwa akitafuta mada ya tasnifu. Fedha za maabara hazikuwepo, hivyo mapitio ya mwelekeo wa tafiti yalionekana njia nafuu ya kuwahudumia wote kwa mpigo. Mada nyingi za tasnifu huzaliwa hivi. Si aibu, lakini inaeleza kwa nini kazi ilianzia kwenye kompyuta na si kwenye kopo la mafuta.

## Mti wenyewe

Mwegea, ambao wengine huuita mvungunya, ni Kigelia africana wa jamii ya Bignoniaceae. Aliyewahi kupita Serengeti au Ruaha ameuona kandokando ya mito: matunda mazito yananing'inia kwa vikonyo virefu, mengine yakizidi urefu wa nusu mita na uzito wa kilo 5 hadi 10. Maua yake ya rangi ya damu ya mzee hufunguka usiku na kuchavushwa na popo. Tembo, viboko na nyani hula matunda hayo. Kwa binadamu tunda bichi ni sumu na huharisha vibaya. Likikaushwa na kuchemshwa ni habari nyingine, na huko Kenya ndilo linalochachusha pombe ya muratina.

Katika tiba asili hakuna sehemu ya mti huu isiyotumika. Magome, mizizi, majani na matunda hutajwa kwa vidonda, vipele, minyoo, malaria, magonjwa ya zinaa, baridi yabisi, matatizo ya uzazi na hata kuumwa na nyoka. Orodha ndefu namna hii huwafanya wasomi wengine wacheke na wengine washangilie. Ukweli ni kwamba kila matumizi yana sehemu yake ya mti na maandalizi yake, na hapo ndipo timu ilipokwama baadaye.

## Hatua ya kwanza: kuhesabu

Mwanafunzi aliingia kwenye Scopus, kanzidata ya makala za kitaaluma, akaandika jina la kitaalamu ndani ya alama za mtajo, yaani maneno mawili yasiyotenganishwa, na kulitafuta kwenye vichwa vya makala, ikisiri (muhtasari wa makala) na maneno muhimu. Matokeo akayapeleka kwenye VOSviewer, programu ya bure iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Leiden, ambayo huchora maneno yanayotokea pamoja kama vidoa vya rangi vilivyounganishwa kwa nyuzi.

Picha ilipendeza. Grafu ya miaka ilipanda. Doa kubwa lilikuwa la antioksidanti, yaani vitu vinavyozuia oksidisho, likifuatiwa na kuua bakteria na uchunguzi wa viambata. Nchi zilizojitokeza zaidi zilikuwa Nigeria, India na Afrika Kusini. India inaweza kumshangaza msomaji kwa kuwa mwegea ni mti wa Afrika, lakini huko ulipandwa tangu zamani kama mti wa mapambo bustanini na barabarani, na maabara za India zimeufanyia kazi kwa miongo mingi.

Rasimu ya kwanza ilihitimisha kwamba kupanda kwa idadi ya tafiti "kunathibitisha ufanisi wa mwegea". Katibu wa kikundi alipewa nakala kwa nia njema, na sentensi hiyo ikaingia kwenye andiko la mkopo kabla msimamizi hajaisoma.

## Kikao kilichobadilisha kazi

Mhadhiri aliitisha kikao kidogo kabla ya kuidhinisha rasimu. Alimwalika mkutubi wa chuo na mganga wa tiba asili aliyesajiliwa, mzee ambaye ndiye aliyewafundisha wanawake wale kutumia tunda. Mzee aliomba asomewe maneno makubwa ya ramani kwa Kiswahili, akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Hapa wamepima gome au tunda?"

"Yote yamo, mzee," mwanafunzi akajibu.

"Yamo vipi, mwanangu? Gome nachemsha, mtu anakunywa kidogo. Tunda likiwa bichi simpi mtu. Nalikausha, nalisaga, anapaka. Ukiyamimina yote chungu kimoja, hiyo tena si dawa yangu."

Mwanafunzi hakuwa na la kusema, wala hilo halikutokana na uzembe. Ramani ya maneno haina mahali pa kuonyesha sehemu ya mti wala njia ya kuandaa, isipokuwa waandishi wenyewe wameziweka kwenye ikisiri, na wengi hawaziweki.

Mkutubi naye alikuwa na lake. Mbona hakuna Kigelia pinnata? Kwa muda mrefu mti huu uliandikwa kwa jina hilo, na pia kwa Kigelia aethiopica, kabla yote hayajahesabiwa kuwa spishi moja. Kazi ya kemia ya Govindachari na wenzake ya mwaka 1971, iliyoelezea kigelin, ilichapishwa chini ya jina la pinnata. Kazi ya Houghton na wenzake ya 1994 juu ya seli za saratani ya ngozi vilevile, na hata mapitio ya Houghton ya 2002 yana pinnata kwenye kichwa. Utafutaji wa maneno mawili ndani ya alama za mtajo unaweza kuziruka zote hizo. Dawa yake ilikuwa rahisi kupita kiasi: kuandika Kigelia peke yake.

## Maamuzi manne, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu mahali na namna ya kutafuta. Walitumia jina la jenasi peke yake, wakaongeza majina ya viambata vinavyojulikana kutoka kwenye mti huu: verminoside, kigelin, kigelinone, pinnatal, isopinnatal. Kwenye Scopus wakaongeza PubMed, African Journals Online na hazina za tasnifu za vyuo vya Tanzania. Sababu ya hizo mbili za mwisho ni nzito kuliko inavyoonekana. Tafiti za matumizi ya kienyeji, ambamo mtafiti amezungukia vijiji na kuorodhesha miti dawa, humtaja mwegea ndani ya jedwali tu, mstari mmoja kati ya mistari mingi. Jina halimo kwenye kichwa wala ikisiri. Kwa hiyo hesabu ya kawaida hupunguza maarifa ya waganga na kuipa maabara nafasi isiyo yake, hata kabla uchambuzi haujaanza.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuacha kusoma ikisiri na kusoma sehemu ya mbinu. Kila makala iliwekwa kwenye jedwali lenye safu chache: sehemu ya mti, hali ya sampuli (mbichi au kavu), kimumunyisho (kimiminika cha kutolea viambata) kilichotumika, kilichopimwa (seli, vimelea, panya au mtu), kipimo cha chini kilichofanya kazi, kama kulikuwa na sampuli rejea kwenye hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa), na kama maandalizi yalifanana na ya mganga yeyote. Safu ya mwisho ilizua ubishi. Mhadhiri aliona ni ya kubahatisha mno. Mkutubi aliitetea, na ikabaki.

Wa tatu, ambao naona ndio uliokoa kazi nzima, ulikuwa kupunguza swali. Kusoma kila kitu kwa kina kusingewezekana kwa muda wa tasnifu. Wakakubaliana kusoma kwa kina yale yanayohusu tunda, ngozi na vidonda, na usalama wa kiambata chochote cha tunda. Mengine yapitiwe kwa haraka na kuwekwa kwenye makundi. Kikundi kilikuwa na kopo la mafuta ya kupaka. Tafiti za panya wenye kisukari hazikuwa na la kuwaambia.

Wa nne ulimhusu mzee. Katika kikao alikuwa ameeleza maandalizi yake kwa uwazi, pamoja na kitu anachochanganya. Timu haikuwa na kibali cha utafiti kutoka Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) wala idhini ya kimaadili ya kukusanya maarifa hayo, kwa kuwa kazi ilianza kama mapitio ya machapisho. Wakaamua maelezo yake yasiingie kwenye jedwali wala tasnifu. Mwanafunzi aliona wanapoteza kitu cha thamani, na alikuwa sahihi, lakini njia ya kukipata kihalali ilikuwa bado haijafunguliwa.

## Walichokuta

Iliyokuwa grafu moja inayopanda ikageuka mawimbi kadhaa, kila moja likiwa na sababu yake.

Wimbi la zamani ni la kemia: watu wakitenga viambata na kuvichora. Kisha, miaka ya 1990, likaja la seli za saratani na vimelea vya malaria, kazi za maabara za Ulaya kwa sehemu kubwa. Mwaka 2000 timu ya Weiss ilionyesha kuwa naphthokwinoni, kundi mojawapo la viambata vya mti huu, huzuia vimelea vya malaria kwenye chupa za maabara. Baadaye likaja wimbi kubwa la maabara za Afrika Magharibi na India: bakteria kwenye sahani, antioksidanti, panya wenye kisukari, panya wenye kuhara, mbegu za kiume za panya. Karibuni zimeongezeka nanochembe za madini ya fedha zinazotengenezwa kwa ziduo la mmea, yaani kile kinachotolewa kwenye mmea kwa kimumunyisho, na kazi za kompyuta zinazolinganisha umbo la kiambata na umbo la protini.

Kwa nini doa la antioksidanti lilikuwa kubwa hivyo? Si kwamba waganga walikuwa wakiuliza habari za oksidisho. Kipimo cha antioksidanti kiitwacho DPPH kinahitaji kemikali moja, kimumunyisho na mashine ya kusoma mwanga katika nanomita 517. Maabara nyingi za vyuo vyetu zinayo. Kina bei nafuu, kinatoa jibu siku hiyohiyo, na karibu kila mmea wenye polifenoli utatoa jibu zuri. Mwelekeo wa tafiti, katika sehemu hii, ni mwelekeo wa vifaa.

Kwenye kuua bakteria hali ilikuwa ya namna nyingine. Makala nyingi zilipima upana wa duara lisiloota vimelea kwenye sahani, kipimo ambacho hutegemea jinsi kiambata kinavyosambaa kwenye ute wa sahani, na hivyo ni vigumu kulinganisha maabara moja na nyingine. Zilizopima kiwango cha chini cha kuzuia vimelea mara nyingine zilitaja miligramu kadhaa kwa mililita na kuita hilo "uwezo mkubwa". Wataalamu wa eneo hili wamependekeza kwa muda mrefu kwamba ziduo ghafi lisilofanya kazi chini ya miligramu 1 kwa mililita lisihesabiwe, na kwamba la kuvutia hasa ni lile linalofanya kazi chini ya mikrogramu 100. Mwanafunzi alipoweka mpaka huo kwenye jedwali, mistari mingi iliyopakwa kijani, yaani iliyohesabiwa kuwa na uwezo, ilibadilika rangi.

Kuhusu saratani, timu ilitaka ripoti iwe na tahadhari iliyo wazi, na mfano wa lapachol ulikuwa mkononi. Kiambata hiki kimeripotiwa kwenye mwegea na kwenye miti ya jamii yake huko Amerika Kusini. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikipeleka hadi kwa wagonjwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Kikaachwa: kilipomezwa hakikufika kwenye damu kwa kiwango cha kutosha bila kuleta madhara, na moja ya madhara hayo ni kuingilia kazi ya vitamini K na kuzuia damu kuganda. Kuua seli kwenye chupa ni mwanzo wa safari ambayo viambata vingi huishia njiani.

Sasa tunda na ngozi, yaani swali lenyewe. Mwaka 2005 Picerno na wenzake nchini Italia walichapisha kazi nzuri kuhusu ziduo la tunda, ambalo kiambata chake kikuu kilikuwa verminoside. Kiambata hicho kilipunguza dalili za uvimbe katika seli za kinga, na wala ziduo wala kiambata havikuonyesha muwasho kwenye ngozi ya binadamu iliyooteshwa maabara. Kwa kikundi hiyo ilikuwa habari njema, na ya haki. Lakini mwaka 2008 baadhi ya watafiti wale wale walishiriki kazi nyingine, ya Santoro na wenzake, iliyoonyesha kuwa verminoside na verbascoside zilileta mabadiliko kwenye kromosomu za chembe nyeupe za damu ya binadamu katika maabara. Kichwa cha makala hiyo kina majina ya viambata hivyo viwili. Jina la mti halimo. Walioongeza majina ya viambata kwenye utafutaji ndio waliweza kuikuta.

Hapa timu ilijadiliana sana jinsi ya kuiandika. Jaribio la chembe kwenye chupa haliwezi kusemwa limeonyesha hatari kwa mtu anayepaka mafuta. Kiwango ni tofauti, njia ni tofauti, na verbascoside ipo kwenye mimea mingi. Wakati huohuo huwezi kunukuu makala ya 2005 kwenye lebo na kuinyamazia ya 2008. Waliandika zote mbili, moja chini ya nyingine, kwa sentensi za urefu sawa.

Jambo moja halikuwa kwenye makala yoyote, na lilitoka kwa mhadhiri. Verminoside ni glikosidi, yaani kiambata kilichofungamana na sukari. Huyeyuka vizuri kwenye maji na alkoholi, na vibaya kwenye mafuta. Maabara ya Italia ilipima ziduo lenye kuyeyuka majini. Kikundi kilikuwa kikichanganya unga mkavu na mafuta na nta. Kuna uwezekano mkubwa kwamba kiambata kilichosifiwa kwenye makala hakitoki ndani ya chembe za unga kwenda kwenye ngozi. Huenda mafuta yale yalifanya kazi kwa sababu nyingine kabisa, pengine kwa kulainisha ngozi kavu tu, jambo ambalo mafuta na nta hulifanya bila msaada wa tunda.

Majaribio kwa binadamu, yenye kundi la kulinganisha, yalikuwa machache mno kubeba dai lolote la tiba kwenye lebo. Sampuli rejea nazo zilikosekana kwenye makala nyingi, hivyo msomaji hana namna ya kwenda kwenye hebaria kuhakikisha kuwa mti uliopimwa ulikuwa mwegea.

## Ripoti na kilichofuata

Ripoti ya mwisho ilisema wazi: machapisho hayatoshi kusema mafuta haya yanatibu ugonjwa, yapo machache yanayotia moyo kuhusu ngozi, pamoja na moja linalodai uchunguzi zaidi wa usalama, na hakuna lililopima mchanganyiko wenyewe. Ilipendekeza tawi na tunda vipelekwe hebaria, kiwango cha verminoside kipimwe kwenye kila mkupuo wa unga, na mafuta yakaguliwe uchafuzi wa fangasi, kwa sababu tunda nene likikaushwa juani huota ukungu ndani kabla nje halijakauka. Haikupendekeza jaribio jingine la bakteria kwenye sahani, ingawa ndilo maabara ya chuo ingeweza kulifanya kesho yake.

Kisha yalikuja mambo ya sheria. Bidhaa ikidai kutibu, njia yake ni Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya sheria ya mwaka 2002, pamoja na uchunguzi wa Mkemia Mkuu wa Serikali. Ikiwa ni kipodozi, tangu Julai 2019 iko mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Maneno ya lebo ndiyo yanayoamua uingilie mlango upi, na kikundi kilikuwa kimeandika ya mlango wa kwanza kikiwa na uwezo wa mlango wa pili.

Wanakikundi hawakufurahi. Dirisha la mkopo lilikuwa limepita wakati ripoti inasubiriwa, na kiongozi wao aliuliza, kwa haki yake, kwa nini chuo kiliwapa sentensi nzuri halafu kikaja kuichukua. Andiko liliandikwa upya likiwa la kipodozi, orodha ya magonjwa ikaondolewa, na mkopo ukapatikana awamu iliyofuata. Wanachama wachache walijitoa na kuendelea kuuza kwa lebo ya zamani. Kipimo cha verminoside hakikufanyika, fedha hazikupatikana. Mwanafunzi alitetea tasnifu yake kwa kuchelewa, na ramani ya rangi ikahamishiwa kwenye kiambatisho.

## Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kuwaleta mganga na mkutubi mezani kulizaa zaidi kuliko programu yoyote. Kila mmoja aliuliza swali la fani yake, na maswali yote mawili yalikuwa ya kawaida kabisa kwa muulizaji. Mapitio mengi ya mimea dawa hufanywa na watu wa fani moja, na makosa yake hufanana kwa sababu hiyo.

Kupunguza swali kulifanya usomaji wa kina uwezekane. Nimeona mapitio yanayotaka kusema yote kuhusu mti mmoja, na mwishowe yanakuwa orodha ya viambata ikifuatiwa na orodha ya magonjwa, bila mstari hata mmoja unaounganisha kiambata, kiwango na njia ya kutumia. Hapa jedwali lililazimisha muunganiko huo, hasa ile safu iliyobishaniwa. Ilikuwa na majibu machache, na uchache huo ndio uliokuwa matokeo makuu ya tasnifu: maandalizi ya waganga na maandalizi ya maabara yanakutana mara chache. Maabara hupenda methanoli. Hakuna mganga anayempaka mtu methanoli.

Uchoraji wa ramani za machapisho hauna kosa kwa kazi yake halisi. Unaonyesha nani anashirikiana na nani, mada gani zimesongamana, wapi hapajaguswa. Kwa kupanga fedha za utafiti ni chombo kizuri. Hauwezi kusema kama dawa inafanya kazi, kwa sababu unahesabu pia makala zilizoshindwa, zilizorudiwa, na zile za majarida yanayochapisha chochote kilicholipiwa.

## Uchambuzi: kilichokwama

Kasoro kubwa ilikuwa ya mpangilio: rasimu ilitoka nje kabla ya kusomwa. Makubaliano ya maandishi kati ya chuo na kikundi, hata ya ukurasa mmoja, yangetaja nani anapewa nini na lini, na yangewaambia wanawake wale mapema kwamba jibu linaweza kuwa "bado". Chuo kilichukulia ombi lao kama msaada kwa watu wa nyumbani, na msaada hauandikiwi masharti. Gharama yake waliilipa wao, kwa awamu moja ya mkopo.

Usalama ulifikiwa kwa kuchelewa. Katika kazi inayohusu kitu kinachopakwa ngozini ulipaswa kuwa wa kwanza kutafutwa, kwa majina ya viambata, kabla ya neno lolote la ufanisi. Mtu aliye na kidonda wazi mguuni hafyonzi kama mwenye ngozi nzima, na miongoni mwa wateja wa kikundi alikuwapo aliyesemekana kuwa na kidonda cha namna hiyo. Hakuna aliyefuatilia kama aliwahi kwenda hospitali kupimwa sukari. Ripoti ilitaja hilo kwa mstari mmoja, lilistahili aya.

Na kuna suala la mzee. Uamuzi wa kutoandika maandalizi yake ulimlinda, lakini pia ulimwondoa. Swali lake ndilo lililogeuza kazi, na tasnifu inamshukuru bila jina kwenye ukurasa wa shukrani, pamoja na wengine. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika 2014, inazungumzia ridhaa na mgawanyo wa faida pale maarifa ya jadi yanayohusiana na rasilimali za kijenetiki yanapotumika. Mapitio ya machapisho hukaa pembeni ya masharti hayo kwa kuwa kila kitu kinadhaniwa kimeshachapishwa. Mhadhiri sasa anaandaa ombi la kibali cha utafiti mpya ambamo mzee ni mshiriki mwenye mkataba, unga utatayarishwa kwa njia yake, na kitakachopimwa kwanza ni kama verminoside inatoka kwenye mafuta yale au la.